Kanuni na Jaribio katika Muziki wa Dansi: Mtazamo kutoka Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi



Kuna lalamiko moja ambalo kila kizazi cha wasikilizaji wa muziki nchini hulirithi na kulirithisha: kwamba nyimbo zote ni zile zile. Lilisemwa juu ya bendi za dansi katika miaka ya 1970, likasemwa juu ya taarabu ya kisasa katika miaka ya 1990, na linasemwa leo juu ya Bongo Fleva. Mlalamikaji hudai kwamba mwanamuziki akishapata wimbo uliopendwa huurudia kwa jina jingine, mithili ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji. Upande wa pili wapo watetezi, nao huhesabu kila mtindo mpya uliotangazwa na kila bendi kuwa ni uvumbuzi.

Mhadhara huu unadai kwamba pande zote mbili zimeliuliza swali vibaya. Zimeichukulia kanuni na jaribio kuwa ni mahasimu, kana kwamba palipo na moja hapana nafasi ya jingine. Historia ya muziki wetu inaonyesha vinginevyo. Inaonyesha kwamba wanamuziki hujaribu ndani ya umbo linalojulikana, na kwamba umbo lenyewe hubadilika pale njia ya kuufikisha muziki kwa msikilizaji inapobadilika.

Nitaanza mahali ambapo hapatajwi sana katika maandishi juu ya muziki wa dansi. Ndandalo ni moja ya kata za Wilaya ya Kyela, katika nchi tambarare ya mpunga na kakao iliyo kati ya milima na Ziwa Nyasa, karibu na mpaka wa Malawi. Nimeichagua makusudi. Historia ya dansi imezoea kutazamwa kutoka Dar es Salaam, Morogoro na Tanga, yaani kutoka jukwaani. Anayeitazama kutoka Ndandalo huitazama kutoka upande wa msikilizaji wa mbali, ambaye kwa miaka mingi aliifahamu bendi kwa redio kabla ya kuiona kwa macho. Msikilizaji huyo alikuwa pia mrithi wa michezo ya ngoma yenye kanuni kali kuliko za dansi. Tukielewa kanuni zile, tutazielewa na hizi.

2.0 Uwanja wa ngoma na haja ya kanuni

Mwambao wa Ziwa Nyasa ulipata umbo jipya la ngoma baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo vilipiganwa huko huko: mapigano ya Karonga yalikuwa Septemba 1914, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia nchi ya Wanyakyusa kutoka kusini na kuitwaa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Askari na wapagazi waliokusanywa kutoka kila pembe walikutana na beni, ngoma iliyozaliwa katika pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na iliyoiga bendi za shaba na gwaride za kijeshi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, ameeleza jinsi vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilivyosambaa kwa miguu ya askari, wapagazi na makarani. Wataalamu wa Kiswahili hawana budi kulikumbuka jambo moja: nyimbo za beni ziliimbwa kwa Kiswahili. Popote ilipofika, lugha ilifika nayo.

Katika mwambao wa ziwa, upande wa Malawi na upande wa Tanzania, beni ilizaa mchezo unaoitwa mganda au malipenga. Hapa ndipo tunapokutana na jaribio la kwanza lenye uzito. Wanavijiji hawakuwa na tarumbeta za shaba, wala hawakuwa na fedha za kuzinunua. Walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, kisha wakaimba ndani yake. Utando ule huitetemesha sauti ya mwimbaji hata ikavuma kama ala ya shaba. Vibuyu vikubwa vilitoa sauti nene, vidogo vikatoa sauti nyembamba, na kundi zima likawa bendi. Kilichoanza kama mwigo kimezaa ala ambayo haikuwamo katika bendi iliyoigwa.

Pamoja na uvumbuzi huo, umbo la mchezo lilifungwa kwa kanuni. Wachezaji husimama kwa safu, huvaa sare, huongozwa kwa filimbi, na kundi huwa na vyeo vilivyokopwa jeshini na serikalini. Kwa nini watu wenye ubunifu wa kugeuza kibuyu kuwa tarumbeta wakubali kufungwa na safu na filimbi? Jibu liko katika mashindano. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, kijiji hualika kijiji. Mtazamaji anayetakiwa kusema ni nani aliyeshinda lazima awe na kitu cha kulinganisha. Makundi mawili yakicheza michezo miwili isiyofanana hata kidogo, hakuna mshindi. Makundi mawili yakicheza mchezo ule ule, hatua moja mpya, wimbo mmoja wenye fumbo kali zaidi, au namna moja ya kugeuza safu huonekana mara moja na kila mtu. Kanuni, kwa hiyo, ndiyo inayolifanya jaribio lionekane.

Jambo hilo hilo hulioni katika mganda peke yake. Ing'oma, mchezo mashuhuri wa Kyela na Rungwe ambao jina lake kwa Kinyakyusa lina maana ya ngoma tu, nao umeishi kwa kushindanisha vikundi. Katika tanzu zote hizi, anayevunja kanuni kabisa hasifiwi kuwa mvumbuzi. Huambiwa kwamba hajui kucheza.

3.0 Umbo la wimbo wa dansi

Tuuhamishie mtazamo huo kwenye dansi. Wimbo wa dansi uliokomaa nchini kati ya miaka ya 1960 na 1980 una sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni ya taratibu. Magita huanza, mwimbaji huingia na beti zinazosimulia kisa au kutoa malalamiko, waitikiaji hupokea kibwagizo, na tarumbeta na saksafoni hujibu katikati ya beti. Ya pili huchangamka, nayo wanamuziki huiita chemko. Hapo maneno hupungua na kuwa vijineno vya kurudiwa, majina ya wanamuziki hutajwa, magita hufukuzana, na jina la mtindo wa bendi hupigiwa ukelele.

Umbo hili halikushuka kutoka mbinguni. Lilitokana na njia tatu za kufikisha muziki. Ya kwanza ilikuwa santuri za Kikuba zilizotolewa na kampuni ya HMV katika mfululizo wa GV kuanzia miaka ya 1930. Vijana wa mijini waliozoea beni na dansi za Kizungu walisikia humo muziki wa kizungu usio wa Kizungu, wenye ngoma walizozielewa. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, na hadi alipofariki mwaka 1965 alikuwa ameonyesha kwamba rumba inaweza kubeba shairi la Kiswahili bila kulivunja.

Njia ya pili ilikuwa redio. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, ukawa shirika la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukawa Redio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Bendi zilirekodiwa katika studio ya RTD, na maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. RTD haikutangaza kwa lugha za makabila. Mwimbaji ambaye lugha ya mama yake ilikuwa Kizaramo, Kinyamwezi au Kinyakyusa aliimba kwa Kiswahili akitaka asikike. Hapa Kiswahili chenyewe kilikuwa sehemu ya kanuni, na ni kanuni iliyompa msikilizaji wa Ndandalo haki sawa na ya msikilizaji wa Magomeni ya kulielewa fumbo.

Njia ya tatu ilikuwa santuri ndogo ya pande mbili. Upande mmoja haukutosha wimbo mzima, kwa hiyo wimbo uligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kisa kilikaa upande wa kwanza, chemko likatawala upande wa pili. Ukumbini chemko lilirefushwa kadiri wachezaji walivyotaka. Katika santuri lilikomea pale sahani ilipokwisha.

Sasa tumfikirie msikilizaji aliyeketi Ndandalo na redio ya betri katika miaka ya 1970. Haoni sare wala jukwaa. Bendi kumi zina magita yale yale, lugha ile ile na umbo lile lile. Atazitambuaje? Jibu la bendi lilikuwa mtindo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na Msondo. Western Jazz ilikuwa na Saboso, Tabora Jazz ikawa na Segere Matata, Atomic ya Tanga Kiweke, Afro 70 Afrosa, na Maquis Kamanyola. Mkosoaji husema kwamba majina haya yalikuwa mapambo tu, na kwa baadhi yake hakosei. Kubadili jina la mtindo ni jaribio lisilo na gharama. Hata hivyo jina lilipotajwa katika chemko, msikilizaji wa mbali aliambiwa: sisi ndio hawa, tofautisha mwendo wetu na wa wenzetu. Jina lilimwalika alinganishe, kama vile filimbi ya mganda inavyowaalika watazamaji.

4.0 Mahali pa jaribio

Ikiwa umbo limekubaliwa, mwanamuziki hujaribu wapi? Napendekeza tutazame mahali patatu: mrindimo, sauti ya ala, na maneno. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na wanamuziki ambao baadhi yao walitoka Msondo. Watu wa mjini waliweza kudhani kwamba hiyo ni NUTA ya pili. Umbo la wimbo lilikuwa lile lile, hata baadhi ya sauti zilikuwa zile zile. Walichofanya kilikuwa kuchukua jina na mwendo wa ngoma ya Kizaramo, Sikinde, na kuuingiza katika dansi. Wakauita ngoma ya ukae, yaani ngoma ya nyumbani. Msondo nao ulikuwa umechota jina lake katika ngoma za Kizaramo. Kilichofuata ni ushindani wa miongo kadhaa kati ya bendi mbili zinazofanana sana, huku waimbaji kama Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka wakihama na kurudi. Mashabiki waligawanyika kwa ukali kama wa mashabiki wa mpira. Ugomvi huo ungewezekanaje kama pasingekuwa na tofauti ya kusikika? Tofauti ilikuwa ndogo, na udogo wake ndio uliowafanya wasikilizaji kuwa wajuzi.

Mfano wa pili ni Patrick Balisidya na Afro 70. Yeye alijaribu katika sauti ya ala, na katika miaka ya 1970 alirekodi pamoja na kundi la Archimedes Badkar la Sweden. Jaribio la aina hii ni ghali, kwa kuwa ala hununuliwa, na wakati ule ala nyingi zilikuwa mali ya taasisi, si ya wapigaji. Mwanamuziki aliyeajiriwa na chama, jeshi au shirika la umma alipata mshahara na gita, lakini akiondoka aliliacha gita. Tusipolikumbuka jambo hilo tunaweza kuuita uhaba wa fedha kuwa ni uhaba wa mawazo.

Mfano wa tatu ni Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, akaja kuongoza Super Matimila. Muziki wake haukumshangaza mchezaji yeyote wa dansi: magita, chemko na mwitikio vilikuwa mahali pake. Jaribio lake lilikuwa katika maneno. Aliimba juu ya kifo, umaskini na unyonge kwa lugha ya mtu anayezungumza barazani. Mwaka 1990 alitoa "Mambo kwa Soksi", wimbo uliowahimiza watu kutumia kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua na wengi wakiona haya kuutaja. Redio haikuupiga, lakini watu waliusikia kumbini na katika kaseti. Jiulizeni: je, neno zito kama lile lingepokewa na umati kama lingekuja na muziki usiochezeka? Naamini umbo lililozoeleka ndilo lililolibeba neno ambalo halijazoeleka. Kanuni ilikuwa ngao ya jaribio.

Mifano hii inatufikisha kwenye pingamizi moja la haki. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park wajiunge na Orchestra Safari Sound, iliyojulikana kwa mtindo wa Ndekule. Hapa mwenye ala alibadilika, kutoka shirika la umma hadi mtu binafsi. Kama umiliki ndio unaoamua umbo, mbona umbo halikubadilika? Kwa sababu njia ya kumfikia msikilizaji haikubadilika. Kumbi zilikuwa zile zile na redio ilikuwa moja. Mwenye ala mpya alinunua waimbaji. Hakuweza kununua namna mpya ya kusikilizwa.

5.0 Njia inapobadilika

Njia ilibadilika katika miaka ya 1990. Redio za binafsi zilianza, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994. Kaseti zilikuwa zimeenea, kinanda cha umeme kikachukua kazi ya wapigaji watatu au wanne, na vijana wakaweza kurekodi bila bendi. Saleh Jabir alikuwa ameshaonyesha mwaka 1991 kwamba Kiswahili kinaweza kughaniwa juu ya mapigo ya Kimarekani. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, alikuwa miongoni mwa waliolijenga umbo jipya: beti tatu za kughani, kiitikio cha kuimbwa, dakika nne, basi. Professor Jay katika albamu yake ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, alilitumia umbo hilo kwa kisa na kejeli kwa ustadi wa watunzi wa dansi.

Chemko lilikufa hapo. Halikuuawa na wavivu wala halikuokolewa na wavumbuzi. Lilikosa mahali pa kukaa, kwa kuwa redio ya biashara haikuwa na nafasi ya dakika nyingi za magita. Na mara tu umbo jipya lilipozoeleka, lalamiko la kale likarudi: nyimbo zote ni zile zile.

Wakati huo huo, mganda haujapata badiliko kubwa namna hiyo. Njia yake ilikuwa uwanja wa kijiji, nao uwanja ungalipo. Mwenye kushangaa kwa nini vijana wa ziwani wanacheza kwa safu kama babu zao, huku wakisikiliza muziki ambao babu zao wasingeutambua, atapata jibu hapa. Kila umbo hudumu kadiri njia yake inavyodumu.

6.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, wasomi wa ushairi wa Kiswahili tuliwahi kuwa na ugomvi unaofanana na huu. Amri Abedi alizipanga sheria za utunzi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata. Miaka mingi ikapita tukibishana kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Katika miaka hiyo hiyo wanamuziki wa dansi walikuwa wakiimba beti zenye mpango katika sehemu ya kwanza na kuuachia mpango katika chemko, ndani ya wimbo mmoja, mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio. Wao walikuwa wameipatia kila hali nafasi yake. Sisi hatukuwatazama, kwa kuwa tulikuwa tukisoma mashairi ya vitabuni.

Kosa hilo tunaweza kulirudia. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya nyimbo aghalabu huyanukuu maneno, huyachambua dhamira, kisha hukuta kwamba dhamira ni chache na zinajirudia: mapenzi, ndoa, ulevi, maisha magumu. Huhitimisha kwamba watunzi hawana jipya. Amelitazama umbo na kuliacha jaribio, kwa sababu jaribio mara nyingi liko katika mrindimo, katika mpishano wa magita, katika jina lililotajwa kwa ukelele, yaani mahali ambapo kalamu yake haikufika. Hukumu ya aina hiyo si jambo dogo. Ndiyo inayoamua ni kanda zipi zitahifadhiwa na zipi zitaachwa ziharibike, na ni mtunzi yupi ataingia katika vitabu vya fasihi vya watoto wetu.

Ninawaomba, basi, mfanye mambo mawili. Kwanza, sikilizeni wimbo mzima, na mhesabu chemko kuwa ni sehemu ya matini. Pili, nendeni viwanjani, Kyela na kwingineko, mkaangalie jinsi watu wa kawaida wanavyohukumu. Mtazamaji wa mganda hahitaji nadharia ya kumwambia kundi gani limeleta jambo jipya. Analiona mara moja, kwa sababu anazijua kanuni. Sisi wa chuo kikuu tutastahili kuwahukumu wanamuziki wetu siku tutakapozijua kanuni zao kama anavyozijua yeye.